Rhine ulisafishwa na watu wa chini ya mto

Kila serikali ikitangaza mpango mpya wa kusafisha mto Nairobi, lazima kuna msee ataposti picha ya mto fulani Ulaya. Maji yanang'aa, watoto wanaogelea, baiskeli zimeegeshwa kando. Halafu anaandika: hawa waliweza, sisi tunashindwa na nini? Mara nyingi mto wenyewe huwa ni Rhine. Hata mimi hiyo picha naipenda. Shida ni kwamba haisemi kazi ilichukua miaka mingapi, na haisemi nani alikuwa analia na nani alikuwa anajifanya hasikii. Watu hufikiria Wajerumani waliamka siku moja wakiwa na nidhamu. Zii.

Nimekuwa nikiisoma hii stori kwa muda sasa. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie lekcha, nasoma tu vile napenda na hakuna mtu wa kunipa mtihani. Na vile naona, kila mtu huisimulia kuanzia kiwandani, ati wenye viwanda walibadilika. Ukiisoma kuanzia upande ule mwingine, kwa mtu aliyekuwa anafungua bomba Uholanzi, inakuwa stori tofauti kabisa.

Tuanze na ramani. Rhine unaanza kwenye milima ya Alps huko Uswisi na unatembea karibu kilomita 1,230. Unapita Basel, mji wa viwanda vya dawa na kemikali. Unakuwa mpaka kati ya Ufaransa na Ujerumani. Unaingia Ujerumani kwenyewe, unapokea maji ya Ruhr, eneo la makaa ya mawe na chuma. Mwisho unafika Uholanzi, nchi tambarare kama sahani, unajigawa matawi na kumwagika Bahari ya Kaskazini karibu na Rotterdam. Ukiwa Uholanzi, uchafu wa kila mtu ni wako. Kama umewahi kukaa chumba cha chini kwa ploti ambayo choo cha ghorofa ya tatu kinavuja, hiyo siasa unaijua tayari. Mwenye kuvuja analala vizuri, wewe ndio unaweka beseni.

Zamani huu ulikuwa mto wa samoni. Miaka ya 1880 wavuvi wa Uholanzi na Ujerumani walikuwa wanatoa zaidi ya samoni 200,000 kwa mwaka. Samoni ni samaki wa ajabu kidogo: anazaliwa juu kabisa, kwa vijito vya maji baridi yenye changarawe, anateremka hadi baharini kukua, halafu anarudi juu mtoni kuzaa, mara nyingi kijito kile kile alichozaliwa. Ili samaki mmoja azae, mto wote lazima uwe salama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kumbuka hilo, kwa sababu miaka mia baadaye litakuwa silaha.

Mwaka 1885 nchi za mto huo zilitia sahihi mkataba wa samoni mjini Berlin, kwa sababu samaki walikuwa wanapungua. Mkataba ulishughulika zaidi na uvuvi, nani avue wapi na lini. Wakati huo huo mto ulikuwa unanyooshwa ili meli zipite, mabwawa ya umeme yakaja, na kila mji na kila kiwanda kikaelekeza bomba lake mtoni. Nyavu zilidhibitiwa, mabomba yakaachwa. Kufikia miaka ya 1950 samoni wa Rhine walikuwa wameisha.

Sasa, tarehe ambayo huwa inanishika ni 11 Julai 1950. Siku hiyo Uswisi, Ufaransa, Ujerumani, Luxembourg na Uholanzi walikaa Basel wakaunda Tume ya Kimataifa ya Kulinda Rhine. Hebu fikiria hiyo meza. Miaka mitano tu imepita tangu vita viishe. Rotterdam ilipigwa mabomu na Wajerumani mwaka 1940 hadi katikati ya mji ikabaki majivu. Na huyo Mholanzi anakaa chini na Mjerumani kuongea kuhusu maji. Hawakuwa wamependana. Uholanzi ndio ilisukuma hicho kikao kwa sababu watu wake walikuwa wanakunywa huo mto, na ukiwa chini huna anasa ya kununa.

Na tume ilifanya nini? Ilipima. Mwaka 1963 ilipata mkataba rasmi mjini Bern, ikaendelea kupima. Vituo vya kuchukua sampuli kutoka juu hadi chini, njia moja ya kupima, ripoti juu ya ripoti, huku mto ukizidi kuoza. Watu wakaanza kuuita mtaro wa maji taka wa Ulaya. Juni 1969 sumu ya kuua wadudu inayoitwa endosulfani iliingia mtoni upande wa Ujerumani, samaki wakafa kwa mamilioni, na Uholanzi ikabidi ifunge mahali inapochotea maji. Ni rahisi kucheka tume ya watu wa kupima maji. Mimi sicheki. Zile namba ndizo zilikuja kutumika baadaye, wakati watu waliacha kuomba na wakaanza kudai.

Hapa ndio tunaingia kwa chumvi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu wengi huiruka wakimbilie ule moto wa 1986.

Huko Alsace, Ufaransa, kulikuwa na migodi ya serikali ya kuchimba potashi ya kutengeneza mbolea. Ukitoa potashi unabaki na chumvi nyingi. Ya kupeleka wapi? Mtoni. Tunaongea zaidi ya tani 10,000 za chumvi kila siku. Chukua lori la tani 28, lile linabeba mchanga hapa kwetu. Ni kama malori 350 yakimwaga chumvi mtoni leo, kesho, keshokutwa, bila Jumapili.

Chini huko karibu na Rotterdam kulikuwa na wakulima wa maua na mimea ya kupandwa ndani ya vibanda vya vioo. Walikuwa wanamwagilia kwa maji yanayotoka Rhine, na chumvi ilikuwa inawachomea mimea. Kampuni moja ya kilimo inaitwa Bier (ndio, kama bia, hata mimi nilicheka) ilikuwa inalazimika kutumia pesa zake kupunguza makali ya hayo maji. Wakaungana na shirika la kutetea maji safi linaitwa Reinwater, wakashtaki migodi ya Alsace. Lakini waliishtaki wapi? Rotterdam. Nyumbani kwao.

Migodi ikasema hapana, bomba liko Ufaransa, njooni mshtaki Ufaransa. Hapo ndio kesi yote ilikuwa. Ukienda kwa mahakama ya nchi ya mwenye kuchafua, lugha yake, wakili wake, mgodi wa serikali yake, unajua vile itaenda. Swali likapelekwa hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 30 Novemba 1976 ikaamua hivi: aliyeumizwa anaweza kuchagua, ashtaki pale uchafu ulipomwagwa, au ashtaki pale hasara ilipotua. Yaani mto ukibeba uchafu, unabeba na kesi. Kesi ya wakulima iliendelea miaka na miaka, na ni mwaka 1988 ndipo mahakama ya juu ya Uholanzi iliwapa ushindi. Lakini kutoka 1976 kila kampuni ya juu ya mto ilijua kwamba inaweza kuitwa Rotterdam kujieleza.

Linganisha na vile serikali zilifanya zikiwa peke yake. Desemba 1976, siku chache baada ya uamuzi, nchi zilitia sahihi mkataba wa chumvi mjini Bonn. Ufaransa ingeizika chumvi chini ya ardhi badala ya kuimwaga, na gharama zingegawanywa: Ufaransa asilimia 30, Ujerumani 30, Uswisi 6, na Uholanzi 34. Soma tena. Anayechafuliwa ndiye alikubali kulipa sehemu kubwa kuliko wote, ili tu achafuliwe kidogo. Halafu watu wa Alsace wakakataa chumvi izikwe kwao, Paris ikarudi nyuma mwaka 1979, na Uholanzi ikakasirika hadi ikamwita balozi wake nyumbani kutoka Paris. Nchi mbili marafiki, zote wanachama wa jumuiya moja, na balozi anapanda treni kwa sababu ya chumvi. Mkataba ulianza kufanya kazi 1985.

Mimi huona hizo miaka tisa ndizo somo lenyewe la historia hapa. Wakulima wenye hasira na wakili walipata kitu ambacho mabalozi walikuwa wanashindwa kupata. Sisemi mikataba ni bure. Nasema mkataba usio na mtu nyuma yake mwenye uwezo wa kukufikisha mahakamani ni kama zile barua za kanjo zinazobandikwa mlangoni na hakuna mtu anasoma.

Sasa moto. Jumamosi, 1 Novemba 1986, dakika chache baada ya saa sita usiku, ghala namba 956 la kampuni ya Sandoz lilishika moto Schweizerhalle, kando ya Basel. Ndani kulikuwa na karibu tani 1,350 za kemikali, nyingi zikiwa dawa za kuua wadudu, na zingine za kuua ukungu zenye zebaki. Alfajiri ving'ora vililia, watu wakaambiwa wafunge madirisha wasitoke. Mji wote ulinuka kama mayai yaliyooza. Kumbuka ni miezi sita tu baada ya Chernobyl. Kila mtu Ulaya alikuwa bado na uoga. Watu wa Basel, ambao kwa Kifaransa mji wao unaitwa Bâle, wakaanza kuandika "Tschernobâle". Maelfu wakaandamana.

Wazima moto walifanya kazi yao, walimwaga maji mengi sana, kati ya mita za ujazo 10,000 na 15,000. Lakini hakukuwa na mahali pa kuyazuia hayo maji, kwa hivyo yakateremka Rhine yakiwa yamebeba tani kadhaa za sumu. Mto ukageuka mwekundu kwa sababu ya rangi iliyokuwa imehifadhiwa ghalani. Sumu ikasafiri chini. Karibu mikunga 150,000 walikufa. Mkunga hapa namaanisha yule samaki mrefu kama nyoka, sio yule wa kuzalisha. Mikunga hukaa chini kwa tope, na sumu ilikuwa inapita chini. Kwa kama kilomita 400 za mto waliisha karibu wote.

Na vile kila mtu alianza kupima maji kwa bidii wiki hizo, vikaonekana vitu vingine. Kampuni ya Ciba-Geigy ilikuwa imeachilia atrazini mtoni muda huo huo. Ujerumani, BASF nayo ikavujisha dawa ya kuua magugu. Hapo ndio hoja ya "ilikuwa ajali" ilianguka. Ajali moja ilimulika tochi kwa tabia ya kila siku.

Mawaziri wa nchi za Rhine walikutana mwezi huo huo wa Novemba, wakakutana tena Desemba, na mkutano wa Desemba ulifanywa Rotterdam. Waziri wa Uholanzi wa uchukuzi na maji alikuwa mama mmoja mkali, Neelie Smit-Kroes, na hakuja mikono mitupu. Uholanzi ilikuwa imejiandaa. Ukiangalia ratiba utashangaa: mkataba wa chumvi pekee ulichukua miaka tisa kutoka sahihi hadi kazi. Baada ya moto, mpango mzima wa kuokoa Rhine ulipitishwa Strasbourg tarehe 1 Oktoba 1987. Miezi kumi na moja.

Mpango wenyewe ulikuwa na malengo machache. Kupunguza sumu kuu zinazomwagwa mtoni kwa nusu kufikia 1995, ukilinganisha na 1985. Kuhakikisha maji yanaendelea kufaa kunywewa. Kusafisha tope. Kuziba yale mashimo ambayo Sandoz ilionyesha, kama kuhakikisha maji ya kuzima moto yana mahali pa kwenda. Na ile iliyoshika kila mtu: samoni warudi Rhine kufikia mwaka 2000.

Watu walicheka kuhusu samoni. Mto uliokufa, na mawaziri wanaongea kuhusu samaki wa mezani kwa matajiri. Lakini fikiria. Ukimwambia mama wa Cologne kwamba kadimi imepungua kwa mikrogramu kadhaa kwa lita, atakuambia sawa, na kuendelea na shughuli zake. Ukimwambia samoni amerudi, anaelewa. Na kwa sababu samoni anahitaji mto wote, hakuna nchi inaweza kusafisha kipande chake ikasema imemaliza. Samaki atafika kwa kipande cha jirani afe, na kila mtu ataona alifia kwa nani. Kama nilivyosema, silaha.

Wakati mawaziri wanapiga picha Strasbourg, bandari ya Rotterdam ilikuwa na vita vyake, na hii ndio sehemu naipenda kuliko zote. Bandari iko mwisho wa mto, kwa hivyo tope lote linatua hapo, na lazima lizolewe kila mwaka, mamilioni ya mita za ujazo, la sivyo meli zitakwama. Zamani tope hilo lilikuwa linatupwa baharini au kutandazwa mashambani. Kisha wakalipima. Lilikuwa limejaa zebaki, kadimi, risasi na zile kemikali za PCB ambazo haziozi. Sehemu yake ilikuwa chafu sana hadi hairuhusiwi kutupwa popote. Rotterdam ikabidi ijenge shimo kubwa la kulihifadhi pale Maasvlakte, linaitwa Slufter.

Kwa hivyo mji ukajiuliza swali la mpangaji wa chumba cha chini: hii inatoka kwa nani? Kuanzia 1984 walituma watafiti kupanda mto, Ujerumani na kwingine, wakichukua sampuli kandokando ya mabomba ya viwanda. Wakajua kampuni hii inatoa zinki, hii inatoa shaba, kiasi hiki. Halafu wakaenda kwa kampuni moja moja wakiwa na namba mkononi na uamuzi wa kesi ya Bier mfukoni. Ujumbe ulikuwa mfupi. Punguzeni kwa hiari kufikia tarehe fulani tutie sahihi makubaliano, au tukutane mahakamani mtulipie kusafisha tope. Mwaka 1991 chama cha kampuni za kemikali za Ujerumani kilitia sahihi na Rotterdam. Huo ni mji unafanya makubaliano na kampuni za nchi nyingine, bila kusubiri wizara.

Na usidhani Rotterdam ni malaika. Ina viwanda vyake vya mafuta na kemikali vya kutisha, na vilimwaga pia. Lakini hata mtu mwenye nyumba chafu ana haki ya kukataa choo chako kimvujie.

Matokeo? Kufikia 1995 sumu nyingi zilizolengwa zilikuwa zimepita ile nusu. Samoni wa kwanza aliyekomaa alionekana kwa Sieg, kijito cha Rhine upande wa Ujerumani, mwaka 1990, miaka kumi kabla ya tarehe. Leo zaidi ya watu 95 kati ya kila 100 wa bonde la Rhine maji yao taka hupitia mtambo wa kusafisha kwanza. Hiyo ilikuwa kazi ya mabilioni, iliyoanza tangu miaka ya 1970. Tume nayo haijawahi kuwa na polisi wala nguvu ya kutoza faini. Ofisi yake iko Koblenz, ndogo tu, na katibu wake mkuu kwa desturi huwa Mholanzi, kwa sababu walikubaliana kwamba nchi iliyo chini kabisa ndiyo yenye haja kubwa. Aliye chini ndiye anashika kalamu.

Lakini ile picha ya msee wetu huwa haina mikunga. Kuanzia 1 Aprili 2011, Uholanzi ilipiga marufuku kuvua mikunga kwa mito yake mikubwa, ukiwemo Rhine, kwa sababu nyama yao ilikuwa na dioksini na PCB kupita kiwango. Maji yalikuwa yameshakuwa masafi, ndio. Lakini sumu za miaka ya 1950 na 1960 bado zimelala kwa tope, mkunga analala kwa tope, ni mnono, na hizo kemikali hupenda mafuta. Wavuvi waliokuwa wanavua kwa familia, kutoka kwa babu, walifunga kazi kwa uchafu wa watu ambao labda walishakufa. Na samoni bado hajafunguliwa njia yote hadi Basel. Ahadi ilikuwa 2020, lakini kuna mabwawa upande wa Ufaransa ambayo hayakuwa yamewekewa ngazi za samaki.

Mikunga wa jamii hiyo wako kwetu pia. Wanaishi Athi na Sabaki miaka mingi wakinenepa, kisha wanateremka kuzaa Bahari ya Hindi. Na hapa sasa ndio naongea na nyinyi wa Nairobi.

Sisi ndio tuko juu. Tunapenda kujiona kama waathiriwa wa mto Nairobi, na wale wa Mathare, Korogocho na Dandora kweli ni waathiriwa. Lakini maji hayaishii Dandora. Yanaingia Athi, yanapita Fourteen Falls, yanazunguka Makueni, yanaitwa Galana, yanaitwa Sabaki, yanamwagika kaskazini tu ya Malindi. Baricho, kando ya Sabaki, kuna visima vinavyochota maji chini ya mchanga wa huo mto na kuyapeleka Malindi, Kilifi na Mombasa. Basel ni sisi.

Tangu 1999 tumekuwa na mipango, ule wa bonde la mto Nairobi ulioanza na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililo hapa hapa Gigiri, kisha ule wa waziri Michuki ambao ulifanya watu waamini kidogo, na Machi 2025 tukapata mwingine wa shilingi bilioni 50. Tuna hata tume. Inaitwa Tume ya Mito ya Nairobi. Jina lenyewe linakuambia mto unaishia wapi kwa akili zetu. Sijui kwa nini mtu wa Makueni au wa Malindi hashiki kalamu kwa hiyo meza. Ingekuwa juu yangu, mwenyekiti angetoka Sabaki, kwa desturi, kila mara.

Lakini kitu kinaniuma zaidi ni hiki. Bier walipigana miaka kupata haki ya kushtaki tu. Sisi tunayo tayari. Kifungu cha 42 cha katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda mahakamani bila hata kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Wakulima wa maua wa Rotterdam wangelia wakisoma hiyo. Na kuna watu washajaribu: Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Nairobi iliamua kwamba uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi pamoja na jaa la Dandora unavunja haki za watu, ikaamuru jaa lifungwe. Dandora bado iko, unaijua harufu yake.

Hiyo kesi ilikuwa ya hapa juu. Hakuna mtu aliyekuwa amepanda mto kutoka chini na chupa za sampuli, bomba kwa bomba, vile Rotterdam ilifanya kuanzia 1984, aje na orodha ya majina na viwango. Vyuo vya pwani viko na maabara. Baricho ina watu wanapima maji kila siku kwa sababu ni lazima. Na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo Malindi.